Na pesa yangu, nayo imeokoka? Mwongozo wa kushuhudia kwa maisha yaliyobadilika

Jumapili moja pale Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, nilisimama mbele ya madereva wa malori na matanboi wao, yaani mautingo, nikashuhudia jinsi Yesu alivyonitoa kwenye pombe. Nilikuwa na miezi minne tu tangu niokoke, na maneno yalinitoka kama maji. Watu waliitikia amina. Dereva mmoja wa Mombasa alifuta macho. Nilipomaliza, mama aliyekaa benchi la nyuma, mtoto mgongoni, akanyoosha mkono. Nikadhani anataka kuombewa.

"Kastoma," akasema, "hayo tumeyasikia. Sasa ile elfu thelathini na nane yangu, nayo imeokoka?"

Walicheka wote, hata mchungaji. Yule mama alikuwa muuza malwa, ile pombe ambayo Waiteso huiita ajono. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimekaa kwenye chungu chake, mrija mdomoni, nikinywa kwa mkopo, naye akichora mstari wa makaa ukutani kila nilipoondoka bila kulipa. Nilipookoka nilianza kupita njia nyingine. Nilikuwa nawaambia watu kwamba nakimbia majaribu. Kumbe nilikuwa nakimbia ukuta.

Mengi yaliyo humu nilijifunza kwa sababu ya ukuta ule. Ni ya Mkristo wa kawaida, mwenye duka, dereva wa boda, mama wa sokoni, anayetaka watu wamjue Kristo kwa yale aliyoyatenda ndani ya maisha yake, na hana kipaza sauti wala cheo.

Kiswahili kimetupa msaada hapa. Ushuhuda na ushahidi ni watoto wa mama mmoja. Kanisani tunapenda ule wa kwanza, unasemwa, unapigiwa makofi, tunakaa. Mahakamani wanataka ule wa pili, na huko shahidi anahojiwa na upande wa pili mpaka jasho limtoke. Uganda hii, msikilizaji wako ni upande wa pili. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu Wakatoliki asilimia 39, Waanglikana 32 na Wapentekoste 11. Yaani zaidi ya wanane katika kila kumi uwaonao barabarani ni Wakristo tayari, angalau kwa jina. Yohana 3:16 wanaijua kwa kichwa tangu shuleni. Wanachojiuliza kimoyomoyo ni kwa nini jirani yao mlokole bado anapunja kwenye mizani.

Hatua ya kwanza: anza na ukuta wako

Kabla hujafungua mdomo, chukua karatasi. Andika majina ya watu wanaokudai: pesa, kitu ulichoazima, neno ulilowasingizia, ahadi uliyoikimbia. Usiandike "watu wengi". Andika fulani, kiasi fulani. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakusema atajitahidi kuwa mwema. Alisema nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Alitaja hesabu, tena mbele ya watu waliozijua hesabu zake.

Hili si jambo geni kwetu. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Kutokana na mbegu za namna hiyo ukaja uamsho ulioenea Rwanda, Kigezi (kusini-magharibi mwa Uganda), Buganda, ukavuka mpaka Kenya na Tanganyika. Watu wake waliitwa Abalokole, waliookoka, jina ambalo mwanzoni lilikuwa la dhihaka. Wazee wanapousimulia uamsho ule, mahubiri wanayagusa tu. Wanakaa zaidi kwenye vitu vilivyorudishwa: jembe lililoibwa, ng'ombe, pesa za mwajiri. Watu walikuwa wakigonga milango kulipa madeni ambayo wenyewe walikuwa wameshasahau. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia kwamba baada ya kuokoka alipanda baiskeli akaenda mwendo mrefu kumwomba msamaha Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Kwa milima ya kule, hiyo baiskeli peke yake ni mahubiri.

Sasa namna ya kwenda. Nenda mwenyewe, usimtume mtoto. Usibebe Biblia mkononi, maana ataona umekuja kuhubiri na atajilinda. Taja kosa kwa jina lake: "Nilikunywa pombe yako ya elfu thelathini na nane, nikakukimbia." Usiseme "kama nilikukosea" wala "unajua shetani". Shetani hakunywa malwa ile, niliinywa mimi. Kisha sema utalipaje, na kama huna zote, toa za kwanza papo hapo. Mimi nililipa elfu tano kila Jumamosi. Wiki ya nane nilipeleka elfu tatu za mwisho. Yule mama alihesabu, akaziweka kwenye pindo la leso, akachukua tambara lenye maji akaanza kufuta ukuta. Makaa hayatoki vizuri kwenye udongo. Alisugua mpaka pakabaki doa la kijivu, akageuka akaniuliza, "Sasa hata soda hununui?"

Nikanunua soda. Sikusema neno la Mungu hata moja siku hiyo, na nadhani ni kati ya siku chache nilizoshuhudia sawasawa.

Kuna mahali pa kuwa mwangalifu. Kama ulimpiga mtu au ulimdhulumu kimwili, usimtokee mlangoni ghafla kwa jina la toba. Mtume mtu mzima anayemwamini akaulize kama yuko tayari kukuona, na akikataa, hiyo ni haki yake. Kama ni dhambi ya watu wawili, ungama ya kwako tu. Nimewahi kuona ndoa ya watu wengine ikivunjika kwa sababu kijana mmoja alisimama "kutembea nuruni", yaani kuungama wazi mbele ya watu, akataja na jina la mwenzake. Na kama kosa lako ni jinai, jua kwamba msamaha wa Mungu haufuti faili la polisi. Nenda na mchungaji au mzee wa kanisa, na uwe tayari kwa lolote.

Hatua ya pili: nyamaza kwanza

Hii ni fupi kwa sababu watu hawaipendi. Ukiokoka leo, usisimame kushuhudia mbele ya umati kesho. Paulo mwenyewe anaandika kwa Wagalatia kwamba ilipita miaka mitatu kabla hajapanda Yerusalemu kuonana na Petro. Nasi tunampa mtu kipaza sauti wiki ya pili kwa kuwa hadithi yake inachangamsha mkutano. Mwambie mke wako, mwambie rafiki mmoja. Umati ungoje. Kijana aliyeacha kubeti mwezi wa mpira wa kirafiki hajajaribiwa. Subiri ligi ianze.

Hatua ya tatu: waulize walio karibu

Sauli, ndiye Paulo huyo huyo, alipofika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa, hawakusadiki kwamba naye amekuwa mwanafunzi. Ushuhuda wake haukutosha. Ilibidi Barnaba amshike mkono na kusema kwa niaba yake (Matendo 9:26-27). Kila aliyebadilika anahitaji Barnaba, na mara nyingi Barnaba huyo analala nyumba moja naye.

Kaa na watu wako uwaulize maswali mawili tu. La kwanza: mmeona nini kimebadilika kwangu? La pili: nini bado? Usijitetee. Andika.

Nilipomuuliza binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, nilitegemea aseme "baba haulewi". Akafikiri kidogo akasema, "Siku hizi unafungua mlango polepole." Nikashindwa kuendelea kuuliza. Miaka yote ile sikujua kwamba watoto walikuwa wanalala huku wakisikiliza mlango. Tangu siku hiyo huo ndio ushuhuda wangu, na kila mahali ninapousema, kuna mzazi anayeinama.

Swali la pili nilimuuliza mke wangu. Akajibu bila kupumua: "Bado unadanganya kwenye simu. Uko hapa Malaba unamwambia mtu umeshafika Tororo." Kweli tupu. Hilo nalo linaingia kwenye ushuhuda, tena watu wanalipenda kuliko mengine, maana wengi wao wako Tororo ya namna hiyo.

Usiwaulize walokole wenzako peke yao. Muulize mwenye duka unakokopa sukari. Muulize mwenyekiti wa stendi ya boda. Kama wao hawajaona kitu, huna cha kusema bado, hata kama kwaya nzima imekuona ukilia.

Hatua ya nne: tengeneza maneno ya dakika tatu

Katika Matendo 26 Paulo anajitetea mbele ya mfalme Agripa. Isome yote kwa sauti, haichukui muda. Utaona ameipanga sehemu tatu: nilivyokuwa, nilivyokutana na Yesu, nilivyo sasa na ninachokifanya. Ukishuhudia kwa mpangilio huo hutapotea, na msikilizaji hatapotea.

Kosa letu kubwa liko kwenye sehemu ya kwanza. Tunakaa huko kama watu waliopamiss. Mtu anasimulia dhambi zake dakika kumi na tano, kwa ladha, anataja baa kwa majina na wanawake kwa rangi ya nguo, halafu Yesu anapewa sentensi moja mwishoni. Vijana wanatoka pale wakijua baa mpya. Kuna na wanaoongeza chumvi: alikuwa mlevi wa kawaida, akisimama amekuwa jambazi sugu. Usidai dhambi ambayo hukuifanya. Mji ni mdogo, na watu wa nyumbani wapo. Tena uongo juu ya dhambi ni dhambi.

Sehemu ya katikati ndiyo tunaipita mbio kwa misamiati. "Nikaoshwa, nikavunjwa, nikajazwa, moto ukashuka." Dereva wa lori hajui ni nini kilitokea. Sema kwa maneno ya kawaida: nilikuwa wapi, nani aliniambia nini, niliomba maneno gani, nikafanya nini kesho yake. Kama ilikuja polepole, bila siku maalumu, sema hivyo. Wapo waliolelewa kanisani wakamwamini Yesu kidogo kidogo kama mtu anayezoea giza la nyumba mpaka akaona vitu. Huo ni ushuhuda kamili. Usiutafutie ajali ya barabarani ili upate mvuto.

Nitaandika wangu, uone ukubwa wake:

"Nilikuwa nakunywa kila siku, na watoto wangu walikuwa wanaogopa mlango ukifunguliwa. Siku moja rafiki yangu tuliyekuwa tunakunywa pamoja alikuja kunilipa pesa aliyoniibia, elfu kumi, ambayo hata sikujua ameiiba. Nikamuuliza kuna nini. Akanisomea Luka 15, yule mwana aliyepoteza kila kitu akarudi kwa baba yake. Usiku nilimwambia Yesu, mimi ndiye huyo, nisamehe, sijui njia ya kurudi. Sikuacha pombe siku hiyo. Nilianguka mara mbili mwezi wa kwanza. Lakini kuna kitu kilikuwa kimegeuka, nilikuwa nataka kurudi nyumbani. Nina madeni niliyolipa na mengine bado nalipa. Binti yangu anasema siku hizi nafungua mlango polepole. Bado nadanganya kwenye simu, na Bwana ananishughulikia."

Ni hivyo tu. Angalia kwamba kila kitu pale kina mtu wa kuulizwa. Rafiki yupo, binti yupo, mama wa malwa yupo. Hakuna "nina amani ipitayo akili zote", ingawa ninayo, kwa sababu amani yangu huwezi kuikagua. Mlango unaweza.

Na ile salamu yetu, "Bwana asifiwe, naitwa fulani, nimeokoka, Yesu ni Bwana na Mwokozi wa maisha yangu"? Siipingi, nimeisema mara elfu. Ila ukiwa nje ya kanisa, msikilizaji akiisikia anazima masikio, anajua kinachofuata. Anza na mlango.

Hatua ya tano: chagua mahali na wakati

Yule mtu wa Wagerasi aliyetolewa pepo alitaka kumfuata Yesu chomboni. Yesu alikataa, akamrudisha nyumbani kwa watu wake akawaambie aliyotendewa (Marko 5:19). Kwa hiyo nyumbani kwanza, na nyumbani ndiko kugumu.

Baada ya hapo, mahali pazuri ni pale ambapo watu wana muda na wako sawa na wewe. Malaba tuna foleni ya malori. Dereva anangoja karatasi zake zipite forodhani, amekaa kivulini chini ya trela, anapika chai kwa jiko dogo. Huyo ana saa nzima. Kaa naye, mwulize ametoka wapi, watoto wangapi, mara ya mwisho aliwaona lini. Mara nyingi hata hufiki kwenye ushuhuda wako siku ya kwanza. Petro anasema muwe tayari kumjibu kila awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, tena kwa upole (1 Petro 3:15). Anayejibu ni aliyeulizwa. Kama hakuna anayekuuliza kitu, rudi hatua ya kwanza.

Kuhusu kuhubiri ndani ya basi, abiria wakiwa wamefungiwa mpaka Kampala, wapo ndugu wanaolifanya kwa moyo safi na sitawahukumu. Mimi nililiacha. Mtu asiyeweza kushuka hajakubali kusikiliza.

Matanga nayo yana adabu yake. Ukipewa nafasi ya kusema, msemee marehemu na wafiwa. Ukianza "na mimi nilikuwa mlevi kama marehemu", umeua mara ya pili.

Na wewe uliyetoka kwenye pombe, usirudi kukaa kwenye chungu "kuwafikia wenzako". Wapelekee Wakristo ambao hawajawahi kuinusa. Chema chajiuza, wenzako watakutafuta wenyewe, tena usiku, kwa siri.

Hatua ya sita: Kiswahili chako, na historia yake

Wasomaji wa Kenya na Tanzania huenda hawajui uzito wa jambo hili. Hapa Uganda, kwa wazee wengi, hasa Buganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na ya majambazi wa usiku. Rais Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa miaka ya sabini, na waliokisikia kizuizini au kwenye vizuizi vya barabarani hawajasahau. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, lakini kumbukumbu ya mtu haifutwi na Bunge.

Kwa hiyo ukienda kwa bibi wa Masaka, huko Buganda, kushuhudia kwa Kiswahili, sauti yako inaingia na viatu vya jeshi. Tafuta wa kutafsiri, au jifunze kusalimu na kuomba radhi kwa Kiganda kwanza. Kwa upande mwingine, nimeshuhudia jambo la ajabu: mstaafu wa jeshi, afande hasa, akimwomba bibi msamaha kwa Kiswahili kile kile cha kambini, polepole, amepiga magoti. Bibi alisema hakuwahi kusikia lugha ile ikiomba. Walokole wa pale waliimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, kama ilivyo desturi ya uamsho tangu zamani mtu akiungama.

Kwenye kambi za wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali, ambako Wakongo wengi wanazungumza Kiswahili, hali ni nyingine kabisa: hapo ndicho lugha ya nyumbani iliyobaki. Nenda kusikiliza zaidi ya kusema. Watu wale wana ushuhuda wa kusamehe ambao mimi na mrija wangu hatuusogelei.

Hatua ya saba: jiandae kuhojiwa

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Jirani yangu Mwislamu aliacha pombe Ramadhani moja na hajairudia. Sasa?" Usimdharau huyo jirani. Sema kweli: amefanya vizuri, na heri yake. Mtu anaweza kuacha pombe kwa dini yake, kwa ugonjwa wa ini, kwa kuoa mke mkali. Kama ushahidi wako wote ni "niliacha pombe", kesi imekwisha na umeshindwa.

Lakini shahidi hatoi hukumu, anasema alichoona. Yule kipofu wa Yohana 9 alibanwa na wasomi akasema kitu kimoja anachokijua, alikuwa kipofu na sasa anaona. Hakujifanya anajua zaidi. Maisha yangu yaliyobadilika hayathibitishi kwamba Yesu alifufuka. Yanakufanya uulize huyu ameguswa na nani, na jibu la swali hilo liko kwenye habari za Yesu mwenyewe: msalaba, kaburi, na mashahidi ambao Paulo anawaorodhesha katika 1 Wakorintho 15, zaidi ya mia tano, wengi wao wakiwa hai alipoandika. Mpeleke msikilizaji huko. Ukimwacha kwenye hadithi yako, siku utakapoanguka imani yake itaanguka nawe.

Vilevile mashahidi wa Namugongo, karibu na Kampala. Tunapenda kuwataja vijana wa ikulu ya Mwanga, kabaka (mfalme) wa Buganda, waliochomwa moto tarehe 3 Juni 1886, na ni haki yetu; kati ya waliouawa miaka ile, Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu mwaka 1964, na Waanglikana wanawakumbuka 23 wao. Lakini usiwatumie kama nyundo. Jirani wa Kiislamu anayeijua historia atakukumbusha kwamba miaka kama kumi kabla, enzi za Muteesa, baba yake Mwanga, Waislamu nao waliuawa Namugongo kwa kushika imani yao. Kufa kwa ajili ya jambo kunaonyesha kwamba mtu aliliamini kweli. Kama lenyewe ni kweli, hilo linachunguzwa kwa njia nyingine.

Ukiniuliza ni badiliko gani lenye nguvu zaidi mbele ya anayehoji, nitasema ni kumsamehe adui, kwa sababu hakuna faida ya ini ndani yake. Februari 1977 Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda, aliuawa chini ya utawala wa Amin. Kivengere akakimbia nchi, na akiwa uhamishoni aliandika kitabu kuhusu kumpenda huyo huyo Amin. Hakusema Amin hakutenda uovu. Alisema chuki ilikuwa inamla yeye. Kila mtaa Uganda una mtu mwenye jambo kama hilo, la vita au la shamba, aliyesamehe kimya kimya. Mtafute. Hadithi yake ni nzito kuliko ya mlevi.

Swali lingine: "Fulani aliokoka, sasa amerudi kule kule." Jibu: ndiyo. Paulo naye aliachwa na Dema, mwenzake wa kazi, aliyeupenda ulimwengu wa sasa. Na "mchungaji wenu alikula pesa za ujenzi"? Usimtetee kama ni kweli. Sema ni vibaya, alipaswa kuzirudisha. Ukimtetea mwizi kwa kuwa ni wa kwenu, umejiunga naye kwenye kizimba.

Hatua ya nane: ushuhuda wa mtu mwingine si mali yako

Usimrekodi mtu akilia ukatuma kwenye WhatsApp ya kanisa bila ruhusa yake, na ruhusa iombwe tena kesho yake, machozi yakishakauka. Usitaje ugonjwa wa mtu. Watoto wasisimamishwe kusimulia walivyodhulumiwa, hata kama mkutano utaguswa.

Na kuhusu uponyaji, nasema hili bila kupunguza: usimwache mtu ashuhudie amepona virusi vya UKIMWI akasema ameacha dawa zake, ARV. Aliyesikiliza benchi la tatu, ambaye humjui, ataenda kutupa dawa zake chooni. Kama mtu anaamini ameponywa, arudi kliniki apimwe, na aendelee na dawa mpaka daktari aseme vingine. Mungu haogopi maabara.

Hatua ya tisa: ukianguka

Sema mapema, kwa watu wale wale uliowashuhudia. Nilipoanguka mwezi wa kwanza nilimwambia mke wangu kabla harufu haijamwambia. Ilikuwa aibu, lakini alisema baadaye kwamba ndipo alipoanza kuamini.

Hatua ya kumi: atakayesema "nami nataka"

Usimkimbize madhabahuni akapigwe picha. Mwulize anataka nini hasa. Wengine wanataka deni lipungue, au mke arudi, na hayo uwaambie wazi kwamba Yesu hakuahidi. Akisema anataka kumjua Kristo, omba naye kwa maneno yake mwenyewe, hata yakigugumia. Someni Injili ya Marko pamoja, sura moja kila mkikutana, mkiwa na chai. Mtafutie ushirika ulio karibu na anapolala, hata kama si kanisa lako. Dereva wa Bukavu, Kongo, hana kazi na Jumapili ya Malaba.

Na mwulize ukuta wake uko wapi. Anaujua. Paulo alipomrudisha Onesimo kwa bwana wake Filemoni, aliandika kwamba kama kuna deni, lihesabiwe kwake yeye Paulo. Ukiweza kumsaidia ndugu yako kwa elfu mbili tatu za mwanzo, msaidie. Siku ya kwenda kulipa, msindikize, maana miguu itakuwa mizito. Mkifika, simama nje ya geti. Aingie peke yake.